Hadubini ya simu ya "1600X": itamsaidia nini mwenye ngozi inayotambaa?

Ukipita maduka ya vifaa vya simu ya Oginga Odinga Street, Kisumu, hutakosa kijidude cheusi chenye unene wa chupa ndogo ya dawa, waya mkiani na taa nane mdomoni. Sandukuni kimeandikwa 1000X au 1600X. Ni hadubini ya kuchomeka kwenye simu, na bei yake hucheza kati ya elfu mbili na elfu nne, kutegemea mdomo wako. Wanunuzi wake ni wa aina mbili: fundi wa simu anayetafuta ufa kwenye ubao, na mtu ambaye ngozi humtambaa usiku kama ina wadudu, ana vidonda visivyofunga, na ameona uzi wa buluu au mwekundu ukichungulia kwenye kigaga. Fundi atafurahi. Tathmini hii ni ya yule wa pili.

Tuseme mapema: kuna kazi tatu za ngozi ambazo chombo hiki huzifanya vizuri kuliko bei yake. Kuna ya nne ambayo hakiiwezi hata kidogo, na kwa bahati mbaya ndiyo wengi wanakinunulia.

Kuunganisha

Ndani ya sanduku mna hadubini, stendi, adapta mbili za waya (ya simu za zamani na ya Type-C) na karatasi yenye mraba wa kuskani programu. Karatasi hiyo itupe. Pakua programu yoyote ya kamera ya USB yenye watumiaji wengi kwenye Play Store, na uikatae ikiomba orodha ya majina ya simu yako, kwa maana kamera haina haja ya kujua nambari ya shangazi yako. Kabla ya kulipa, jua kama simu yako inakubali OTG, yaani kusoma kifaa kilichochomekwa kwenye tundu lake la chaji: chomeka flash disk, na ikisomeka, hadubini nayo itasomeka. Simu nyingine, Oppo kwa mfano, hudai uwashe OTG kwenye mipangilio, kisha hujizimia yenyewe usipoitumia kwa dakika kadhaa. Watu wengi wamerudisha hadubini nzima dukani kwa sababu hiyo tu. iPhone nyingi haziikubali kabisa.

Gurudumu la katikati ndilo la kulenga. Picha huwa kali mahali pawili pekee: hadubini ikiwa mbali kidogo na ngozi, ambapo ukuzaji ni mdogo, na mdomo wake ukigusa ngozi, ambapo ni mkubwa. Katikati ya hapo ni ukungu mtupu. Anayezungusha gurudumu akitafuta "1600" atalizungusha mpaka asubuhi.

Hiyo 1600 yenyewe pima kwa rula ya mwanafunzi. Iweke chini ya hadubini kwa ukaribu wa mwisho, uone milimita ngapi zinaingia kwenye kioo. Kwa hadubini za aina hii, mara nyingi ni kama milimita 2. Kioo cha simu kikiwa na upana wa sentimita 14, basi umekuza mara 70. Kwenye kompyuta ya sentimita 30 ni mara 150. Elfu moja na mia sita ni hesabu ya muuzaji. Tena kamera nyingi za bei hii zina pikseli 640 tu kwa upana hata zikitangaza zaidi. Gawanya milimita 2 kwa 640, upate takriban mikroni 3 kwa kila pikseli (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Iweke namba hiyo kichwani, tutairudia.

Kazi inazoziweza

Ya kwanza ni upele wa wadudu (scabies). Huku Magharibi na Nyanza, ndio mshukiwa wa kwanza mtu anapojikuna usiku, hasa kama na wengine nyumbani wanajikuna. Mdudu wake jike ana urefu wa takriban milimita 0.4 na huchimba njia ndani ya ngozi. Tafuta katikati ya vidole, kwenye kifundo cha mkono, kwapani, kiunoni penye mshipi, kwenye chuchu na uumeni. Kwa ukuzaji mdogo, njia huonekana kama uzi wa kijivu uliopinda, wenye urefu wa milimita 5 hadi 10, na mwishoni mwake kuna kipembetatu cheusi: hicho ni kichwa cha mdudu. Usipoiona vizuri, paka wino wa kalamu juu yake, kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu huondoka, ulioingia kwenye njia hubaki ukiichora.

Ukiipata njia, hadubini imekwisha kazi, na linalofuata ni kemisti. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 (binamu wa kiwandani wa pareto, lile ua lililoipa Nakuru umaarufu) hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha na katikati ya vidole, huachwa kwa muda wa saa 8 hadi 14 kisha huogwa, na kurudiwa baada ya siku 7. Mtu mzima humaliza takriban gramu 30 kwa mpako mmoja. Nyumba nzima hupakwa usiku mmoja, hata asiyejikuna. Nguo na shuka za siku tatu za mwisho zifuliwe kwa maji moto na kukaushwa juani, au zifungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima, kwa kuwa mdudu huyu hamalizi siku nyingi nje ya mwili.

Hapa ndipo wengi hupotea: muwasho huendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, kwa sababu mwili bado unapigana na mizoga na kinyesi chao. Asiyelijua hilo hupaka tena, na tena, mpaka dawa yenyewe inaunguza ngozi, na muwasho wa dawa anauita wadudu walionusurika. Wengine hufika kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe au mafuta ya taa. Hilo la ng'ombe halina mjadala: amitrazi hupita kwenye ngozi, hushusha mapigo ya moyo na humlaza mtu hadi kupoteza fahamu.

Kosa jingine ni ile krimu ya mchanganyiko ya betamethasoni, klotrimazoli na jentamisini inayouzwa kila kemisti bila swali. Muwasho hutulia kwa siku tatu, wadudu wakiendelea kuzaana chini ya ngozi iliyonyamazishwa. Baada ya wiki mbili hata daktari hupata shida kuutambua upele, kwa maana sura yake imefutika. Kama umeipaka, mwambie, na umwambie ni kwa muda gani.

Kazi ya pili ni funza. Funza huonekana kama uvimbe mweupe wenye nukta moja nyeusi katikati, mara nyingi kandokando ya kucha za miguu. Chunjua ya unyayoni ina nukta nyingi zilizotawanyika, ambazo ni mishipa midogo ya damu iliyoganda. Tofauti hiyo huokoa mguu wa mtoto usichimbwe bure kwa pini iliyokwisha kupita miguu mitano.

Ya tatu ni chawa: yai la chawa limegandishwa ubavuni mwa unywele na halisogei ukilisukuma kwa ukucha, ilhali ukoko wa mba huteleza.

Kwa mengine hadubini ni kipofu. Choa huhitaji ukwaruzo wa ngozi, kemikali ya potasi ya kuulainisha na hadubini ya maabara. Muwasho wa maji ya ziwa, unaotokana na vijidudu vya kichocho kuingia ngozini, huacha vipele lakini aliyeingia huwezi kumwona.

Nyuzi

Sasa tufike kwenye ile kazi ya nne, ya kusaka nyuzi. Jina Morgellons lilitolewa Marekani mwaka 2002 na Mary Leitao, mama aliyekuwa akitafuta maelezo ya vidonda na nyuzi alizoziona kwenye ngozi ya mwanawe. Tangu hapo maelfu wamejitambua humo: kutambaa, kuchomwachomwa, vidonda, uchovu, na nyuzi za rangi. Anayelisoma jina hilo kwenye simu akiwa Kakamega au Nakuru, saa nane za usiku, hupata picha za hadubini kama hii, na kesho yake yuko dukani.

Usianze kwa kutazama kidonda. Anza kwa kutazama kila kitu kisicho kidonda. Kata vipande vinne vya selotepu angavu, kila kimoja sentimita 5. Cha kwanza kibandike na kukibandua kwenye kidonda kilichokauka. Cha pili, mtu mwingine akubandikie katikati ya mgongo, mahali ambapo mkono wako haufiki kujikuna. Cha tatu kwa mtu wa nyumbani asiye na shida yoyote. Cha nne kiache mezani usiku kucha, gundi ikitazama juu, kisha mtu mwingine abandike kila kimoja kwenye karatasi yake nyeupe. Aandike herufi nyuma yake, wewe usijue ipi ni ipi. Ndipo utazame, na uhesabu nyuzi za kila rangi.

Ukifanya hivyo kwa uaminifu, nyuzi zitakuwa kwenye vyote vinne. Buluu ya jinzi, nyekundu ya blanketi, nyeusi ya sweta, nyeupe za kila kitu. Nyumba zetu zimejaa mitumba ya soko la Kibuye iliyofuliwa mara mia, na nguo kadiri inavyochakaa ndivyo inavyomwaga nyuzi. Kidonda kina nyingi kuliko ngozi nzima kwa sababu rahisi: majimaji yake ni gundi. Uzi hutua, majimaji hukauka juu yake, kigaga hujenga, ngozi mpya hupanda kando, na ukija kuuvuta siku ya tano unatoka kama mzizi, tena unauma. Kwa macho, hakuna awezaye kuutofautisha na uzi uliotoka ndani.

Pamba chini ya lenzi ni utepe bapa uliojisokota. Poliesta ni fimbo laini yenye unene uleule mwanzo hadi mwisho. Sufu ina magamba, ingawa kwa mikroni 3 kwa pikseli magamba hayo utayabahatisha tu. Kipimo cha moto husaidia zaidi ya lenzi: shika uzi kwa kibano, uusogeze kwenye kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta huyeyuka na kuwa kishanga kigumu. Sufu na unywele hunuka unywele ulioungua.

Zipo nyuzi zinazochoma kwelikweli, na hizo usizipuuze. Vinyweleo vya upupu ni vya rangi ya kutu, vyenye ncha kali na vimeng'enya vinavyowasha. Vijinywele vya majani ya miwa wanavijua wakataji wa Muhoroni na Mumias. Nyuzi za katani, na zile za kioo zinazowekwa darini kuzuia joto, hujichomeka kama miiba. Ukiona nyuzi za namna moja tu, zilizonyooka na zenye ncha, ulizia kazi yako kabla ya kuulizia damu yako. Selotepu huzitoa nyingi.

"Lakini zinasogea!" Ndiyo, zinasogea. Ukikuza mara 150, mtetemo wa mkono wa sehemu moja ya kumi ya milimita huwa sentimita moja na nusu kwenye kioo. Taa nane zina joto, pumzi yako ina upepo, na poliesta ina umeme tuli. Weka hadubini kwenye stendi, ubandike uzi chini ya kipande cha kioo, uondoe mkono, ujizuie kupumulia hapo. Utatulia.

Kuna na ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, ambayo wauzaji huiunganisha na hadubini kama pakeji. Iache. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha weupe, inayomeremeta buluu chini ya mwanga huo. Nyuzi zinazowaka kidondani ni ushahidi kwamba shuka lilifuliwa.

Mzozo wenyewe

Mwenye ugonjwa huu amekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba ni mambo ya kichwani, na ndiyo maana ananunua vyombo. Ni haki yake kujua kila upande umesema nini.

Mwaka 2012 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilichapisha utafiti uliofanywa pamoja na shirika la afya la Kaiser Permanente la Kaskazini mwa California. Watu 115 walitimiza maelezo ya ugonjwa, sawa na takriban 3.65 kwa kila watu 100,000. Hawakupata kimelea wala bakteria mmoja anayeeleza hali hiyo, na vitu vingi vilivyotolewa kwenye ngozi vilikuwa selulosi, yaelekea ya pamba. Madaktari wengi wa ngozi huuweka ugonjwa huu pamoja na imani thabiti ya kuvamiwa na wadudu wasiokuwepo, hali iliyoelezwa na Karl-Axel Ekbom wa Uswidi mwaka 1938. Upande wa pili ni mdogo lakini umechapisha: Marianne Middelveen, Raphael Stricker na wenzao wanasema baadhi ya nyuzi ni keratini na kolajeni zilizotengenezwa na ngozi yenyewe, na kwamba wamekuta bakteria wa Borrelia, wale wa ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe. Madaktari walio wengi hawajashawishika.

Hadubini ya elfu tatu haina kura katika mzozo huu. Borrelia ana unene wa takriban mikroni 0.3, yaani kama sehemu moja ya kumi ya pikseli yako moja. Anayekuonyesha "spirokiti", yaani bakteria waliojisokota kama Borrelia, kwa chombo hiki anakuonyesha vumbi. Na swali la kama uzi ni pamba au keratini ni la kemia ya maabara, wala si la ukuzaji.

Ila mzozo wa jina haufuti muwasho. Kutambaa ngozini ni hisia halisi ya neva, na vyanzo vyake vingi vinapimika: kisukari, figo, ini, tezi ya shingo, upungufu wa madini ya chuma, upungufu wa vitamini B12 (anayemeza metformini miaka mingi yumo hatarini), VVU, na isoniazidi ya kifua kikuu inapomezwa bila vitamini B6. Ukomo wa hedhi nao huleta kutambaa. Vilevile pombe inapoachwa ghafla, na vichangamshi. Mtafunaji wa miraa asifiche. Orodha hiyo ya vipimo vya damu ndiyo ingepaswa kula zile elfu tatu. Itaje moja baada ya nyingine kwa daktari, na uombe rufaa ya kliniki ya ngozi: Kisumu hospitali ya rufaa ni Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji waiitayo Russia, Eldoret ni ya Moi.

Ukipewa risperidoni, dawa ya magonjwa ya akili, kwa kipimo kidogo, usiitupe kwa hasira ya kuitwa mwendawazimu. Kwa wengi hupunguza kutambaa na hamu ya kujikuna, hata kama wewe na daktari hamjakubaliana juu ya chanzo. Uliza tu kuhusu usingizi, uzito na sukari.

Inavyoharibu

Ubaya mkubwa wa chombo hiki hauko kwenye lenzi. Uko kwenye kibano kinachofuata. Kila kinachoonekana kikubwa huomba kung'olewa, na kila king'olewacho huacha shimo, shimo hutoa gundi, gundi hukamata nyuzi. Kwa hiyo weka sheria kabla ya kuiwasha: dakika kumi, mchana, mara moja kwa wiki, bila sindano wala kibano karibu. Mdomo wa plastiki ufutwe kwa spiriti kabla ya kugusa mtu mwingine, na usiguse kidonda kibichi kamwe.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, bila Dettol wala jiki, kipakwe mafuta ya mgando na kufunikwa kwa plasta au shashi inayobadilishwa kila siku. Mafuta huzuia kigaga kigumu, na kifuniko huzuia nyuzi na kucha kwa pamoja. Kidonda kilichofunikwa kikifunga na kisichofunikwa kikabaki wazi, umepata jibu ambalo hakuna lenzi ingekupa. Kucha kata fupi. Ngozi iliyobaki ipakwe mafuta ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, ikiwa bado na unyevu, hasa ukiwa Nakuru miezi ya ukavu.

Kwa daktari, usibebe kibiriti kilichojaa vigaga wala picha mia tatu. Madaktari wana jina la mgonjwa aletaye kibiriti, na wakishakiona, baadhi yao huacha kusikiliza. Beba picha tatu: kidonda kwa ukuzaji mdogo, rula ikiwa kando yake, kidonda hichohicho baada ya wiki mbili za kufunikwa, na mahali pamoja usipofika kujikuna. Tarehe iandikwe kwenye kila moja. Pamoja nazo, karatasi yenye kila ulichopaka na kumeza, na kwa siku ngapi.

Unapoinunua, ichomeke dukani kwenye simu yako mwenyewe, si ya muuzaji. Itikise waya pale unapoingia kwenye mwili wa hadubini, kwa kuwa ndipo hukatika kwanza. Picha ikipepesuka, omba nyingine. Punguza taa kwa kile kigurudumu cha kwenye waya mpaka ngozi iache kung'aa kama bati. Na sanduku litunze, kwani ukishaukagua upele na selotepu zako nne, fundi wa simu wa jirani ataichukua kwa nusu bei bila kubishana sana.